Majani Yaliyokutwa Weusini

Siku ile pale Weusini tulikuwa watu saba, ukiacha askari wawili waliokuja baadaye, na wachimba mchanga waliosimama mbali wakiwa wameziba pua. Nawataja ili mjue nani alikuwa nani. Alikuwepo Saitoti, mfugaji wa Kimasai kutoka upande wa Handeni, ambaye ng'ombe wake alinasa kwenye tope, na katika kumvuta ng'ombe ndipo ulipoonekana mkono wa mtu. Alikuwepo Hamza, mkulima wa Misima, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwepo Sheikh Mbaruku, aliyemwozesha mdogo wangu mara zote mbili. Alikuwepo Bakari, fundi seremala wa hapa Kilole, mume wa pili. Alikuwepo mdogo wangu Mwanaisha, tumbo moja na mimi, mjane wa marehemu na mke wa Bakari. Nilikuwepo mimi. Na alikuwepo Mzee wa Kipimo. Marehemu mwenyewe alikuwa Athumani.

Jina la Mzee wa Kipimo nalijua, na la baba yake nalijua, ila watoto wake wananisalimia kila siku hapa mtaani na wameniomba nisiliandike. Nimekubali. Hata hivyo sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina. Kabla sijafika kwenye mambo ya siku ile, inabidi nimweleze yeye, maana bila kumjua yeye hamtaelewa ilikuwaje watu wazima saba tukaamini majani.

Kipimo ni ubao wa chuma wenye namba, umesimamishwa ndani ya mto kama rula ya mwanafunzi. Kazi ya mzee ilikuwa kuusoma saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, iwe Idi iwe msiba, na kuandika maji yamefika namba gani. Basi. Mwisho wa mwezi daftari linapelekwa ofisini. Nilimjua kwa sababu mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua kwa wachimba mchanga palepale ukingoni, na yeye alikula vitumbua viwili kila siku kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu. Kabla ya kula ananawa. Akimaliza anakamua limau vidoleni, anasugua kucha, ananusa, anasugua tena. Mtu msafi kama yeye sijaona. Shati limepigwa pasi, kofia nyeupe, na hakuwa akiingia majini kupita magoti, maana kuogelea hakujua na mto aliuogopa kuliko sisi sote. Samaki wa mto ule hakuwahi kumtia mdomoni. Ukimuuliza kwa nini, anasema anajua amekula nini.

Mambo ya majani aliletewa. Alikuja binti mmoja msomi, mwembamba, anaitwa Neema, akakaa misimu miwili. Alimfundisha kuokota majani ya mkuyu, kuyakausha, kuyatia kwenye vifuko vya wavu na kuvifunga mtoni kwa kamba na jiwe. Vifuko vilikuwa vya namna mbili. Kimoja cha wavu mpana, kama ule wanaouzia vitunguu, na kingine cha wavu mwembamba kama chandarua. Kila baada ya siku kadhaa unatoa kimoja, unatazama jani limebaki kiasi gani. Neema alimaliza masomo yake akaondoka. Mzee wa Kipimo hakuacha. Hakuna aliyemwambia aendelee, ila aliendelea peke yake mwaka baada ya mwaka, kwa vifuko vya vitunguu alivyookota sokoni na chandarua kilichochanika. Wachimba mchanga walimtania, wakimpita wanauliza, mzee, chai yetu imeiva? Saitoti naye akija kunywesha ng'ombe alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuvuta kwamba yeye anachunga ng'ombe, mwenzake anachunga majani, sasa nani ana akili. Mzee alimjibu kwamba mifugo yake yeye ni midogo zaidi, lakini haijawahi kuibiwa hata mmoja.

Mifugo hiyo alinionyesha. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo nawaeleza nilivyoelewa. Jani likianguka mtoni, kwanza maji yanalitoa chai. Ile rangi na utamu vinatoka, kama majani ya chai kwenye birika. Hiyo ni kazi ya siku chache. Kisha unakuja utelezi. Ukiligusa jani unahisi kama limepakwa mlenda. Ule utelezi una uhai, ni vijidudu na ukungu, ndugu wa ule unaoota kwenye mkate na wale wanaochachusha togwa, na wanalilainisha jani kutokea ndani. Halafu ndio yanakuja meno. Chini ya mawe kuna wadudu, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga wakavivaa kama shati, na hao hawataki jani tupu. Wanataka lililopakwa utelezi, kama sisi tusivyopenda ugali mkavu. Wanatafuna nyama ya jani na kuacha mishipa, mpaka jani linabaki kama wavu wa dagaa, na ukilinyanyua kwenye jua unaona upande wa pili. Makombo na mavi yao yanashuka na maji, chini yanasubiriwa na wengine. Na wote hao, kuanzia utelezi hadi mdudu, wanahitaji pumzi iliyomo majini. Mto unaokwenda una pumzi. Hilo alinieleza mwenyewe, kwa mdomo wake, na nataka mlikumbuke.

"Hakuna kinachooza, mama Kibwana," alikuwa akiniambia, Kibwana ni mwanangu wa kwanza. "Watu wanasema kimeoza kwa sababu hawakuangalia. Kimeliwa."

Siku moja alikata kikonyo kirefu cha jani la mpapai, kile chenye uwazi katikati, akachomeka upande mmoja majini karibu na kifuko chake, akaniambia niweke sikio. Nilikataa. Akanibembeleza, nikainama. Mwanzo nilisikia maji. Kisha nikasikia kitu kingine ndani ya maji, kidogo kidogo, kama mvua nyepesi kwenye majani makavu, lakini haisimami. Alikuwa ananitazama usoni. Akasema, wanakula. Nilitupa kikonyo, nikaenda kugeuza vitumbua vyangu ambavyo vilikuwa vimeshaungua. Tangu siku hiyo nikipita darajani nasikia ile sauti hata kama najua haiwezi kufika juu.

Alikuwa na mambo ya kutisha bila yeye kujua kwamba yanatisha. Mkewe, Bi Mwanamkuu, alipofariki, tulikwenda kumpa pole, mtu anatoa machozi kabisa, anaumia kwelikweli. Wiki chache baadaye nikaona kwenye kamba yake mtoni amefunga kipande cha kanga. Nilikitambua, ni kanga ya Bi Mwanamkuu, ile ya maua mekundu aliyokuja nayo kwenye arusi ya binti yangu. Niliona aibu kuuliza. Akasema mwenyewe kwamba pamba nayo ni majani, alitaka kujua. Kila siku baada ya kusoma namba alikuwa anaivuta, anaipapasa nyuzi kwa kidole gumba, anairudisha. Siku ilipokatika mikononi mwake alikaa juu ya jiwe mpaka alasiri, akasoma namba ya saa tisa, akaenda nyumbani bila kuaga.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakujua kusema sijui. Mwaka mmoja gogo lilikuja na mafuriko likaugonga ule ubao, ukainama. Mimi si msomi lakini macho ninayo, nikamwambia, mzee, ubao wako umelala. Akasema ubao wa serikali haulali. Nusu mwezi aliandika namba za ubao ulioinama. Walipokuja watu wa ofisini kuunyoosha, nilitegemea angefuta. Hakufuta. Alisema kilichoandikwa kwa wino kimeshaandikwa. Tulicheka, tukasahau, vitumbua vikaliwa.

Sasa Weusini. Chini ya kivuko cha wakata mkonge, mto una mkono wa pembeni ambao maji yake hayaendi. Mfereji wa kiwanda cha mkonge uliishia hapo. Kiwanda chenyewe sikitaji. Mkonge ukishasagwa na kuoshwa, zile nyuzi zinaanikwa, makapi na maji yake yanaachiwa, na miaka na miaka yalikuwa yanateremka pale. Juu yanaonekana ya kijani, chini ni meusi kama oili chafu, harufu ya mayai viza. Chura hawapo. Ndege akikosea akatua anaruka tena. Tulikuwa tukipita pale tunaacha kuzungumza bila kuambiana.

Athumani alikuwa anakuja kwangu. Nilikuwa nimeumwa, Mwanaisha alikuja kutoka Misima kuniuguza, na nilipopata nafuu mumewe akaja kumchukua. Ilikuwa masika, mto umejaa. Alishuka kwanza upande wa mashamba ya mkonge kumsalimia rafiki yake, na badala ya kuzunguka darajani akakata njia ya kivuko. Wakata mkonge wawili walimwona anaingia majini, amekunja suruali, viatu mkononi. Hawakumwona anatoka. Tulitafuta siku nyingi. Simu yake haikupatikana tena. Sheikh Mbaruku aliwahoji wale wawili, akakaa na wazee wa Misima, wakakubaliana kwamba mtu amekufa maji. Mwanaisha akakaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya chumba changu, akatoka. Bakari aliposa, wakaozeshwa mwezi wa tisa. Arusi ndogo, ya heshima. Sioni kosa alilofanya mpaka leo.

Vuli mwaka ule mvua haikunyesha ya maana. Kiangazi kilipokolea maji yakashuka, na ndipo ng'ombe wa Saitoti akanasa.

Walimlaza marehemu chini ya turubai mpaka Hamza alipofika na pikipiki kutoka Misima. Alipofunua, mimi nilikuwa karibu kuliko wengine wote, na nilichokiona ndicho kilichotuponza. Tulitegemea mifupa. Mtu aliyechukuliwa na maji wakati wa masika, tukiwa sasa tunangoja masika mengine, hawezi kuwa na uso. Athumani alikuwa na uso. Alikuwa mweupe, mgumu, anateleza, kama sabuni ya mche iliyolowekwa. Mashavu yapo. Kovu lake la paji lipo. Kope zipo. Mwanaisha alimwita kwa jina lake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwamsha mume asubuhi.

Kisha minong'ono ikaanza. Huyu si wa masika. Huyu ni wa juzi. Askari waliandika kafa maji wakaondoka, walikuwa na haraka. Sheikh Mbaruku, ambaye sura yake ilikuwa imebadilika, akageuka kumtafuta Mzee wa Kipimo. Akamwomba, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mambo ya mto, atusaidie.

Mzee akanawa mikono. Shati la marehemu lilikuwa limejaa majani ya mkuyu, yale mafuriko yanayoyapura kwenye miti ya ukingoni, yameshindiliwa kati ya kitambaa na kifua. Aliyabandua moja moja akayapanga juu ya jiwe. Yalikuwa meusi. Alinyanyua moja akaliweka kwenye jua, na sote tuliona kwamba jua halikupenya. Jani halikuwa na tundu. Akanyanyua la pili, la tatu. Alikuwa anafanya taratibu, kama alivyofanya kila siku maishani mwake.

"Hayajazidi wiki tatu," alisema.

Sheikh akamuuliza kama ana hakika, kwa sababu neno hilo lina watu nyuma yake.

"Sibahatishi mimi. Jani la mkuyu kwenye mto huu nalijua. Wiki tatu."

Hamza alihesabu miezi kwa vidole vyake, palepale mbele yetu. Halafu akamwangalia mdogo wangu.

"Alikuwa hai, shemeji. Unapakwa hina, mwenzio yu hai."

Mwanaisha akauliza kama alikuwa hai basi alikuwa wapi, mbona hakupiga simu hata siku moja. Hamza akajibu kwamba labda alipiga, akasikia vigelegele. Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililokuwa baya. Bakari alikuwa amesimama bega kwa bega na mkewe, na nilimwona kwa macho yangu akisogea pembeni, hatua moja, kisha nyingine, kisha ya tatu, kama mtu anayepisha kitu kipite.

Jioni ya siku ile Sheikh aliwatenganisha. Alisema kwa upole kwamba hakuna dhambi kwa asiyejua, ila ndoa juu ya ndoa si ndoa. Ndoa ingeweza kufungwa upya baada ya eda, ila Bakari hakurudi. Alihamia Handeni mjini na randa zake. Na Misima habari ilikuwa imeshajitengeneza yenyewe. Kwamba Athumani aliokoka, akaugua mahali, akapona, akarudi, akakuta mkewe ameolewa, akaenda kwenye kivuko kilekile akajitupa. Kwenye maziko walikuja watu wachache, maana wengine hawakutaka kumswalia mtu aliyejiua. Mdogo wangu alikaa eda mara ya pili kwa mume mmoja. Sijapata kusikia mwanamke mwingine aliyefanya hivyo.

Alipotoka hakutaka kubaki Kilole wala kurudi Misima. Alipanda Vugiri kwa shangazi yetu Mwantumu, akalima mboga, akabaki huko milimani. Nikienda kumwona ananiuliza jambo moja. Dada, unadhani alikuwa wapi miezi yote ile? Alikuwa akihesabu mahali. Siku tunanunua vitambaa sokoni, alikuwa nyuma ya kibanda gani? Siku naanua nguo kwa Bakari na mbwa akabweka bure? Kulikuwa na dirisha upande wa barabara, alilifunga kwa mbao. Alikuwa haogopi mzimu. Alikuwa anamwogopa Athumani aliye hai, yule wa ile miezi, anayemtazama akicheka na mwanamume mwingine bila kusema neno. Akakonda, nywele zikawa nyeupe kabla ya zangu. Hakuna aliyemposa tena, na aliyemtaka angekataliwa.

Na mimi niliendelea kumuuzia yule mzee vitumbua. Mtaniuliza kwa nini. Sijui, mazoea, na biashara, na labda nilitaka kumwangalia. Mara moja tu nilimuuliza kama haiwezekani alikosea. Akafungua daftari lake la nyumbani, si lile la ofisi, akanionyesha mstari kwa wino: Athumani, wiki tatu. Alilifunga akanawa mikono.

Miaka ikapita. Waliweka mtambo unaojisomea wenyewe na kutuma namba, wakamshukuru, wakamchukulia daftari. Nilidhani atakufa kwa kukosa kazi. Mimi nami magoti yaliniacha nikaacha kwenda mtoni.

Juzijuzi tu, ni miaka miwili sasa, alikuja nyumbani kwangu asubuhi. Alikuwa amebeba ndoo ya rangi yenye mfuniko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kiti. Alikuwa amechakaa, shati halijapigwa pasi, na kucha zake, nilizitazama, zilikuwa nyeusi. Aliniomba nifungue ndoo mwenyewe.

Ndani mlikuwa na kifuko cha wavu wa vitunguu, na ndani ya kifuko majani ya mkuyu. Yalikuwa meusi, mazima. Nilinyanyua moja na harufu ya mayai viza ikanipanda mpaka kwenye macho. Nikaliweka kwenye jua. Sikuona kitu.

Nikamuuliza, yana wiki tatu?

"Niliyatia Weusini wakati wa masika ya mwaka jana," alisema. "Na hiki ni cha tatu, mama Kibwana. Cha kwanza sikukiamini. Cha pili nikasema kuna mtu ananichezea."

Alikaa chini mwenyewe, kwenye udongo, na kofia yake nyeupe. Alieleza huku anatazama ndoo. Pale pumzi hakuna. Makapi ya mkonge ni chakula kingi mno, wale wa utelezi wanayavamia wote kwa pamoja, wanaimaliza pumzi yote ya maji, wanakufa wao, wanakufa wenye meno, na kinachozama baada ya hapo hakuna wa kukila. Kinakaa. Jani linakaa. Mtu anakaa, mafuta yake yanageuka kama sabuni, anakungoja. Maisha yake yote alipima majani ya kila mti, mwendo wa mkuyu, mwendo wa mwembe, mwendo wa mwarobaini, na vifuko vyote alifunga mahali pamoja, penye maji yanayokwenda, hatua kumi kutoka kwenye ubao wake. Aliudhani mto ni mmoja.

Akaniambia na jambo jingine ambalo lilinisimamisha nywele. Kwamba siku chache baada ya maziko ya Athumani alikwenda Weusini na kikonyo chake cha mpapai, akaweka sikio, akakaa muda mrefu. Hakusikia chochote. Akarudi nyumbani akasema masikio yamezeeka.

Sikumlaumu. Nilitaka, maneno niliyahifadhi miaka yote, lakini nilipoyatafuta sikuyaona. Nilimwambia tu kwamba mimi siye wa kuambiwa. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja, anataka kupelekwa.

Tulikwenda Vugiri siku ya pili kwa gari la asubuhi, yeye na ndoo yake magotini, abiria wanageuza nyuso. Ukungu ulikuwa chini. Mwanaisha alikuwa anapalilia. Alimtambua kabla hatujafika kwenye ua, akasimama na jembe lake, hakuja kutulaki wala hakuondoka. Hakumwamkia. Mzee aliweka ndoo chini mbele ya miguu yake.

"Siku ile sikujua," alisema. "Nilisema kama ninayejua. Mumeo anaweza kuwa alikuwa pale tangu siku ya kivuko. Nadhani alikuwa pale. Lakini nikikwambia nina hakika nitakuwa nafanya tena lilelile."

Mwanaisha akafungua ndoo. Alitoa jani, akalipapasa, akaninyooshea kana kwamba anataka mimi nilisome. Alimuuliza yamekaa muda gani, akaambiwa. Akauliza tena, akaambiwa tena. Akaligeuza jani upande wa pili, akalipapasa tena. Nilidhani anamtafutia yule mzee maneno.

"Kwa hiyo hakuwa ananitazama," alisema.

Hakuwa anamwambia yeye wala mimi. Akaingia ndani, tukasikia anagonga, na nilipokwenda kumwangalia alikuwa anang'oa mbao za lile dirisha kwa kisigino cha jembe.

Hakumsamehe kwa maneno na mzee hakuomba. Walikunywa chai. Baadaye alimuuliza ayafanyeje hayo majani, hataki kuyaona kwenye shamba lake. Mzee akamwambia nyuma ya nyumba anasikia kijito, maji yake yanaruka kwenye mawe, ayatie humo. Mwanaisha akayafunga kwenye kifuko kilekile na jiwe, kwa mikono yake mwenyewe. Sisi tukashuka na gari la jioni.

Wiki zilipita, akanipigia simu. Mdogo wangu si mtu wa simu, nikajua kuna jambo. Akasema, dada, yana matundu. Yameanza kuliwa. Alikuwa analia na anacheka, na nyuma yake nilisikia kijito, au nilidhani nasikia.

Mzee wa Kipimo alifariki mwaka uleule. Hamza alikuwa ameshatangulia, alikufa anaamini ndugu yake alijiua. Sheikh Mbaruku naye hayupo, na Saitoti alihamisha mifugo, sijui yuko bonde gani. Bakari yupo Handeni, ana mke na wajukuu, nilimtumia habari kwa mtu, hakujibu na simlaumu. Misima bado wapo wanaosimulia ile hadithi ya kujitupa, wameirithi kwa waliowazaa, na wanamtaja mdogo wangu kwa jina. Ndiyo sababu nimemwomba mjukuu wangu karatasi.

Nimeandika ninavyokumbuka. Majina nayajua, siku zinanichanganya kidogo, na inawezekana nimetanguliza la nyuma au nimeweka neno la mtu mmoja kwenye kinywa cha mwingine. Kama ulikuwepo Weusini, kama ulikuwa miongoni mwa wale wachimba mchanga waliosimama mbali, au mzazi wako alikusimulia tofauti, njoo Kilole uniulize nyumba ya mama Kibwana. Niambie hapa umekosea, bibi. Nitafuta. Sitaki niache nyuma yangu neno ambalo hakuna aliyelitazama mara ya pili.